Chuoni bila wazazi: familia walizojiundia wanafunzi wa Rwanda

Kila mwaka masomo ya vyuo vikuu yanapokaribia kuanza, kituo cha mabasi cha Kamembe hujaa vijana wenye mizigo inayofanana: godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, sanduku la nguo, na bahasha ya vyeti ambayo mzazi hamkabidhi mtoto mpaka gari liwashwe. Wengine wanakwenda Kigali. Wengine wanashuka Huye, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe. Wapo pia wasiopanda basi. Hao huvuka mto Rusizi na kuingia Bukavu, ambako vyuo vya Kongo vipo karibu.

Mazungumzo ya wazazi siku hiyo ni ya ada, buruse na bei ya chumba. Jambo moja halizungumzwi sana: mtoto akifika kule, nani atampokea? Si mlinzi wa geti wala karani wa usajili, bali mtu atakayegundua usiku wa tatu kwamba mgeni huyu hajala, au kwamba homa imempata na hana wa kumpeleka zahanati.

Swali hilo ni la zamani kama vyuo vyenyewe. Wanafunzi wa nchi mbalimbali wamelijibu kwa kuunda udugu wao wenyewe, wenye kiapo, jina na mara nyingine nyumba ya kuishi pamoja. Udugu huo umeokoa baadhi ya vijana na umeua wengine. Hapa Rwanda umechukua sura ambayo ni vigumu kuipata kwingine, na sura hiyo ina mafunzo kwa kila familia inayomsindikiza mtoto kituoni Kamembe.

Nyumba yenye herufi za Kigiriki

Anayetazama filamu za Marekani ameziona nyumba hizo: jumba kubwa karibu na chuo, herufi mbili au tatu za Kigiriki mlangoni, vijana wa kiume wakiishi humo kama ndugu. Desturi hiyo ilianza tarehe 5 Desemba 1776, katika chuo cha William & Mary huko Virginia, wanafunzi walipounda chama cha siri walichokiita Phi Beta Kappa. Chama hicho baadaye kiligeuka kuwa jumuiya ya heshima kwa wanafunzi waliofaulu vizuri, lakini vingine vingi vilifuata mfano wake wa kwanza: jina la Kigiriki, siri, kiapo, na baadaye nyumba.

Mwanafunzi anayetaka kuingia hupitia kipindi cha majaribio. Wakubwa humpima na kumtuma, kisha humpigia kura. Akikubaliwa, anapata chumba, meza ya chakula, watu wa kusoma nao na, akishamaliza chuo, mtandao wa ndugu waliomtangulia kazini.

Vyama hivyo vilikuwa vya watoto wa Kizungu wenye uwezo. Ndiyo maana mwaka 1906 wanafunzi saba weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, jijini Ithaca, waliunda chao, Alpha Phi Alpha. Walikuwa wachache, wametengwa, na wenzao waliowatangulia walikuwa wameacha masomo. Kilichoanza kama kikundi cha kusoma na kusaidiana kikawa udugu ambao baadaye Martin Luther King naye alijiunga nao. Kwa hao saba, udugu ulikuwa njia ya kubaki chuoni.

Upande wa pili wa desturi hiyo nao unajulikana. Februari 2017, katika nyumba ya Beta Theta Pi kwenye Chuo Kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiingizwa chamani alinyweshwa pombe nyingi, akaanguka kwenye ngazi na kuumia vibaya. Wenzake walikaa naye usiku kucha bila kuita msaada. Walipopiga simu asubuhi, muda ulikuwa umekwisha. Alikufa hospitalini. Ndani ya nyumba iliyojaa watu walioitana ndugu, hakupatikana hata mmoja wa kupiga simu kwa wakati.

Afrika Mashariki nayo ina yake

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya Wamarekani peke yao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wazee wa leo wanaikumbuka Punch, kundi la siri la wanafunzi lililobandika michoro na maandishi ukutani kuwadhihaki wenzao, hasa wasichana. Aliyechorwa alitengwa, na aliyethubutu kumsemesha alihofia kuchorwa yeye. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kuandamwa na kundi hilo, alijiua. Kifo chake kiliitikisa nchi, na Punch ikapigwa marufuku.

Katika vyuo vya Kongo, mwanafunzi mpya huitwa bleu, jina lililokuja na desturi za wanafunzi wa Ubelgiji tangu siku za Lovanium, chuo kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Anayevuka kutoka Rusizi kwenda kusoma Bukavu hana budi kulijua neno hilo kabla ya kulisikia likielekezwa kwake.

Rwanda tunaita kunnyuzura. Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa. Mgeni huamshwa usiku, huimbishwa, hupigishwa magoti, humwagiwa maji, hupewa jina la kejeli na kulazimika kuliitikia. Shule na vyuo vimelikataza tendo hilo mara nyingi, nalo hurudi likiwa limebadilishwa jina na kuitwa ukaribisho. Sababu ya kurudi kwake si ngumu kuiona. Aliyenyanyaswa mwaka jana anaona amelipa, na mwaka huu anataka kulipwa. Mgeni naye huvumilia kwa kuwa hana mlango mwingine wa kuingilia. Ukiufunga mlango huo bila kufungua mwingine, atautafuta huohuo gizani.

Mlango mwingine ulifunguliwa Butare, na waliufungua vijana ambao wengi wao hawakuwa na mzazi wa kuwasindikiza popote.

Wanafunzi 12 wa Butare

Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilianza mjini Butare, sasa Huye, mwaka 1963 kikiwa na wanafunzi 51 na walimu 16. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalikifunga. Walimu na wanafunzi waliuawa, wengine wakiuawa na wenzao wa darasani. Kilipofunguliwa tena Aprili 1995, miongoni mwa walioketi madarasani walikuwamo vijana waliobaki peke yao katika ukoo mzima.

Baadhi yao walitoka huku kwetu. Wakati huo eneo hili lilikuwa mkoa wa Cyangugu. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka mjini hapa, na watu wakawa wanaitwa humo kwa majina na kwenda kuuawa. Waliosalia walihamishiwa kambi ya Nyarushishi, ambako watu wapatao 8,000 walikuwa hai hadi wanajeshi wa Ufaransa walipofika mwishoni mwa Juni. Katika parokia za Shangi na Mibirizi, wengi waliokimbilia kanisani hawakutoka. Mtoto aliyepona katika maeneo hayo akiwa na miaka 14 alikuwa na umri wa kuingia chuo miaka michache tu baadaye. Aliingia bila baba wa kumlipia, bila mama wa kumwandikia barua, na likizo ilipofika hakuwa na nyumba ya kurudi.

Tarehe 20 Oktoba 1996 wanafunzi 12 wa chuo hicho waliunda chama cha wanafunzi walionusurika, kinachojulikana kwa herufi za Kifaransa AERG. Mwaka 1998 serikali ilianzisha mfuko wa kuwasaidia manusura, FARG, uliolipia ada za maelfu ya vijana. Ada ikapatikana. Lakini ada haimuulizi mtu ameamkaje. Pengo hilo wanafunzi walilijaza kwa namna yao: waliunda familia.

Baba wa miaka 22

Utaratibu wake ni huu. Wanachama wapya wanapofika, hugawanywa katika makundi madogo ya kiasi cha watu ishirini hivi. Kila kundi huchagua miongoni mwa waliotangulia kijana mmoja awe baba na msichana mmoja awe mama. Hawa si wachumba. Ni wazazi wa waliobaki wote, hata kama mmoja wa watoto anawazidi umri. Familia hujipa jina, mara nyingi neno la Kinyarwanda lenye maana ya tumaini au ushujaa. Baada ya hapo ukoo hukua: kuna wajomba, mashangazi, na wazazi wakimaliza masomo wapya hushika nafasi, hivyo wa kwanza huwa babu na bibi.

Kwa mtu wa mbali yaweza kuonekana kama mchezo wa watoto. Wanaoishi ndani yake hawalichukulii hivyo. Baba anajua nani hakuhudhuria kipindi wiki hii. Mama anaambiwa mambo ambayo msichana asingeyasema kwa mkuu wa bweni. Mwenye kufeli hukalishwa chini na familia nzima, mwenye kuumwa hupelekwa hospitali na mtu hulala naye. Siku ya mahafali, wenzao wanapopiga picha na wazazi, mhitimu asiye na mzazi huzungukwa na watu wake, wamevaa vizuri, wameleta maua.

Uzito wa familia hizi huonekana zaidi siku ya ndoa. Kwetu bibi arusi haondoki tu nyumbani. Kuna gusaba, yaani kuposa, na kuna gukwa, kutoa mahari, na pande zote mbili lazima ziwe na wazee wa kuzungumza kwa ajili yake. Msichana aliyebaki peke yake angetolewa na nani? Familia ya chuoni imesimama mahali hapo. Waliokuwa wanafunzi wenzake wameketi upande wa bibi arusi, wamepokea wageni, wamejibizana na wasemaji wa upande wa pili na kupokea ng'ombe. Ilipofika 2003 waliokwisha kuhitimu waliunda chama chao, GAERG, kwa sababu undugu huo haukukoma siku ya kurudisha funguo za bweni.

Kisha kuna Aprili. Kuanzia tarehe 7, taifa linapoingia katika kumbukumbu, kuna vijana ambao mwili hukumbuka kabla ya akili. Hupiga kelele, hukimbia, huona tena waliyoyaona. Kinyarwanda huita ihahamuka. Wanafamilia walijifunza kukaa na mwenzao katika hali hiyo, kumshika mkono na kumrudisha polepole, mara nyingi kabla mtaalamu hajafika. Anayemshika mkono mara nyingi alikuwa amepitia hayohayo, na mwaka unaofuata huenda zamu ikawa yake kushikwa.

Nyumba wakati wa likizo

Udugu bila paa una mipaka yake. Chuo kikifungwa, mabweni hufungwa pia. Mwenye kwao hupanda basi, asiye na kwao hubaki na sanduku mlangoni. Wapo waliogawana chumba cha kupanga, geto kama vijana wanavyokiita, watu wanne au watano juu ya magodoro mawili, kodi ikichangwa kutoka kwenye fedha ndogo ya kujikimu. Geto hizo zilikuwa nyumba za kwanza za udugu huu. Hazikuwa na herufi mlangoni, lakini kila aliyelala humo alijua kuwa hatafukuzwa.

Baadaye Wanyarwanda waishio ng'ambo walianzisha kampeni ya Dola Moja, kila mtu akiombwa kutoa angalau dola moja ya Marekani. Fedha hizo zilijenga hosteli Kagugu, jijini Kigali, kwa ajili ya wanafunzi manusura wasio na mahali pa kwenda. Kulinganisha hosteli hiyo na majumba ya vyama vya Marekani kunasaidia kuona tofauti. Kule, nyumba ni zawadi ya aliyeshinda majaribio. Huku, sifa ya kupewa kitanda ni kutokuwa nacho.

Tofauti hiyo inapita hadi kwenye mlango wa kuingilia. Chama cha siri humuuliza mgeni: utavumilia kiasi gani ili tukupende? Familia ya Butare humuuliza: umetoka wapi, na umebaki na nani? Mgeni wa kwanza hupoteza kitu ili aingie. Wa pili hupewa baba na mama siku anayofika.

Kizazi kisichoona 1994

Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mauaji alitimiza miaka 30 mwaka 2024. Wanaoanza chuo sasa hawakuwapo. Ni watoto wa manusura, watoto wa waliorudi kutoka uhamishoni, watoto wa waliokuwa wafungwa, wote katika bweni moja. Yatima wa 1994 wamekuwa wazazi halisi, wengine wakiwa na watoto wa kuwasindikiza chuoni. Je, kazi ya familia hizi imekwisha?

Haijaisha, ila imebadilika. Kuna majeraha yanayorithiwa, kwa mtoto aliyekua na mama asiyelala usiku wala kusema kwa nini. Huyo anahitaji mahali pa kuuliza. Familia hizi pia zina ujuzi ambao hakuna idara ya chuo iliyo nao: namna ya kuwafanya wageni ishirini wawajibikiane ndani ya wiki moja, bila kumdhalilisha hata mmoja. Ujuzi huo usiishie kwa waliouzaa. Mtoto wa mvuvi wa Nkombo anapofika Huye, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Bugarama anapofika Kigali, hana msiba wa 1994 mabegani mwake lakini usiku wa tatu ana upweke uleule. Asipopata familia, atapata kundi, na kundi lina bei yake.

Wanyarwanda wa kale walilijua hili. Katika itorero, vijana waliishi pamoja mbali na kwao, wakifunzwa kucheza, kusema mbele ya watu na kulinda nchi, na kila kundi lilikuwa na jina lake. Serikali iliirudisha itorero mwaka 2007 katika sura mpya, na mwaka 2013 ikaongeza urugerero, huduma ya kujitolea kwa waliomaliza sekondari. Hivyo kijana anafika chuoni akiwa ameshaonja maisha ya kundi lenye kazi. Lililobaki ni kuhakikisha haangukii mikononi mwa kunnyuzura siku anayovua sare hiyo.

Vyuo vinaweza kuanza bila gharama kubwa. Vimpe kila mwanafunzi mpya familia anapojisajili, kama anavyopewa namba. Wazazi wa familia hizo wachaguliwe waziwazi, majina yao yajulikane na uongozi, na wafundishwe dalili za mtu anayezama. Mabweni machache yaachwe wazi wakati wa likizo.

Kwa ukanda mzima jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na cheti chake vivuke mipaka bila kukwama. Mwaka huohuo Rwanda ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya. Mrundi atasoma Huye, Mkongomani atasoma Kampala, Mnyarwanda atasoma Bukavu au Dar es Salaam. Makubaliano yatakivusha cheti chake. Anayekibeba anahitaji mtu upande wa pili, tena atakayemsemesha kwa lugha anayoielewa.

Maswali matatu kabla ya kukubali

Mzazi wa Rusizi hawezi kusafiri hadi bwenini, lakini anaweza kumfundisha mwanawe maswali matatu ya kumuuliza yeyote atakayemkaribisha katika udugu, uwe wa dini, wa mkoa, wa michezo au wa chumba cha kupanga.

La kwanza: je, ninaweza kuwaeleza wazazi wangu yote mtakayonifanyia siku ya kuingia? Likijibiwa kwa kicheko au kwa onyo, aondoke.

La pili: je, ninaweza kutoka nitakapo? Familia nzuri humsikitikia anayeondoka. Kundi baya humtisha.

La tatu: nikianguka usiku, nani atapiga simu? Hapa asitosheke na jibu la jumla. Aulize jina, na aulize ni lini mtu huyo alimpeleka mwenzake hospitali mara ya mwisho. Katika nyumba ile ya Penn State swali hili halikuwa na jibu. Katika familia zilizoanzia Butare, zilizoundwa na vijana ambao wengi walikuwa wamepoteza kila mtu wa kumpigia, jibu lilipatikana kabla ya masomo kuanza.